Kichakataji cha saraundi na hedifoni: kwa nini sauti za nyuma zinakaa mahali pake lakini mazungumzo ya mbele yanabaki kichwani?

Mwana wa Ilala:
Wakuu, salamu. Swali langu linahusu kutazama filamu kwa hedifoni zilizounganishwa na kichakataji cha saraundi, yaani kile kiboksi kinachopokea sauti ya chaneli 5.1 kutoka kwenye TV kwa waya wa optiki, kisha kuichanganya iwe ya chaneli mbili kwa namna ambayo masikio yanaamini kuna spika tano na sabufa chumbani. Naishi nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake haufiki kwenye bati, kwa hiyo kuwasha sabufa baada ya saa nne usiku ni kuwatafutia majirani sababu ya kuniita kikao, na hedifoni ndiyo njia niliyobaki nayo ya kuitazama filamu kwa sauti inayostahili.

Sauti za nyuma zinafanya kazi barabara. Mlango ukibamizwa nyuma ya mhusika, nausikia nyuma ya bega langu la kulia, na helikopta ikipita naweza kuonyesha kwa kidole ilikoelekea. Lakini mhusika akizungumza katikati ya skrini, sauti yake haitoki kwenye skrini; inakaa katikati ya nyusi zangu, mara nyingine juu kidogo ya paji la uso, na kuna wakati naisikia kisogoni. Nimejaribu hedifoni zilizozibwa na zilizo wazi, na tofauti ni ndogo. Kwa maoni yangu kifaa cha namna hii kipimwe kwanza kwa sauti ya mbele, kwa sababu filamu husimuliwa kwa mazungumzo, na mazungumzo karibu yote huwekwa kwenye chaneli ya kati. Je, kasoro iko kwenye kiboksi, kwenye masikio yangu, au kwenye namna nilivyounganisha?

FundiWaya Mwanza:
Mkuu, kabla hujayalaumu masikio, thibitisha kwanza kwamba kiboksi kinapokea chaneli 5.1 kweli. Wateja wengi wanaoniletea vifaa hivi wanasikiliza stirio tupu bila kujua. Waya wa optiki una uwezo wa kubeba PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli mbili, au Dolby Digital na DTS za 5.1 zilizobanwa, haubebi PCM ya chaneli tano na sabufa, wala haubebi Dolby Digital Plus inayotumiwa na huduma nyingi za filamu za intaneti. TV inapopokea Dolby Digital Plus hulazimika kuigeuza kuwa Dolby Digital ya kawaida ndipo iipitishe kwenye optiki, na ikiwa menyu ya sauti imewekwa PCM, kinachotoka ni chaneli mbili tu. Zipo pia TV ambazo sauti iliyoingia kwa HDMI kutoka kwenye king'amuzi au deki huitoa kwenye optiki ikiwa stirio, hata kama iliingia ikiwa 5.1.

Kiboksi kikipokea stirio hakikatai. Chenyewe huanza kubahatisha nini kiende mbele na nini kiende nyuma, na hapo ndipo sauti ya mtu huelea. Fungua menyu, uchague Dolby Digital badala ya PCM, kisha uangalie taa ya mbele ya kiboksi inasema nini.

Mwana wa Ilala:
Ahsante fundi. Taa ya Dolby Digital inawaka, na nimejaribu pia deki ya DVD iliyounganishwa moja kwa moja bila kupitia TV. Hali ni ileile.

Binti Mvita:
Basi tuje kwenye masikio, kwa sababu mimi naamini jibu liko huko. Sauti inayotoka kushoto hufika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia, na kwa kichwa cha mtu mzima tofauti hiyo haizidi sana milisekunde 0.6 au 0.7. Vilevile kichwa huikinga sauti, hivyo sikio la mbali husikia kwa udhaifu zaidi, hasa masafa ya juu. Lord Rayleigh alieleza njia hizi mbili mwaka 1907, na kichakataji chochote huziiga bila shida. Sasa tazameni tatizo la ndugu yetu: sauti iliyo mbele kabisa na sauti iliyo nyuma kabisa zote hufika masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Tofauti ya muda ni sifuri katika hali zote mbili, kwa hiyo ubongo hauna cha kulinganisha baina ya sikio na sikio.

Kinachobaki ni umbo la sikio la nje. Ile mikunjo yake hupunguza masafa fulani na kuongeza mengine kutegemea sauti inatoka upande gani, na ubongo umejifunza mikunjo ya mwenyewe tangu utotoni. Mjerumani Jens Blauert alionyesha jambo la ajabu: mlio wenye ukanda mwembamba wa masafa, karibu na kilohezi 8, wasikilizaji huuhisi uko juu, na wa karibu kilohezi 1 huuhisi uko nyuma, hata spika ikiwa mahali pengine. Kiboksi chako kimetengenezwa kwa vipimo vya sikio la mtu mwingine, pengine sanamu. KEMAR, sanamu ya kichwa na kiwiliwili yenye maikrofoni masikioni, ilipimwa pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1994 na vipimo vyake vikatolewa bure, na tangu hapo vimetumika mahali pengi. Ikiwa bonde la masafa (yale yanayopunguzwa) linalotokana na sikio lake halilingani na la kwako, paji la uso na kisogo ndipo mahali ambapo ubongo wako utaipeleka sauti isiyo na anwani.

Mzee wa Sabufa:
Vijana, mnazungushwa na hesabu. Kiboksi kinadanganya masikio, na masikio ya ndugu yetu yamekataa kudanganywa, mimi nayapongeza. Zipo hedifoni zenye spika kadhaa ndani ya kila kikombe, ya mbele, ya kati, ya nyuma na ya besi, na hizo ndizo 5.1 za kweli. Na kama huna fedha zake, vaa hedifoni za kawaida na usikilize stirio. TV inachanganya chaneli zote kuwa mbili, na hupotezi chochote isipokuwa mwelekeo.

FundiWaya Mwanza:
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo mwisho nakusahihisha. Dolby Digital inapochanganywa kuwa stirio, chaneli ya besi, ile ya ".1", kwa kawaida huachwa nje kabisa. Mlipuko ambao mtengenezaji aliuweka kwenye chaneli hiyo peke yake huusikii. Chaneli ya kati nayo hupunguzwa takriban desibeli 3 inapogawanywa kushoto na kulia, na ndiyo maana mazungumzo huonekana kufunikwa na muziki. Kichakataji kizuri huingiza besi hiyo ndani ya hedifoni, na kwangu hiyo pekee ni sababu tosha ya kukinunua.

Kuhusu hedifoni za spika nyingi, nimezifungua mezani. Spika hizo ziko umbali wa sentimita chache kutoka sikioni, na ile ya "mbele" imeinamishwa kidogo tu. Inasaidia kiasi, kwa sababu sauti inagusa mikunjo ya sikio lako mwenyewe aliyoisema Binti Mvita. Lakini katika spika halisi za chumbani sauti ya kushoto husikiwa pia na sikio la kulia, na ndani ya kikombe kilichozibwa hilo halitokei. Angalieni pia maboksi yaliyoandikwa 7.1 madukani: mengi yana spika moja kila upande na kadi ndogo ya sauti ya USB inayofanya kazi ileile ya kichakataji.

Nahodha wa Tanga:
Naheshimu maelezo ya Binti Mvita, lakini sioni kama yanatosha. Hans Wallach alichapisha mwaka 1940 majaribio yanayoonyesha kwamba mwendo wa kichwa ndio unaotenganisha mbele na nyuma. Geuza kichwa kidogo kulia: sauti iliyo mbele itakaribia sikio la kushoto, na iliyo nyuma itakaribia la kulia. Mtu hufanya hivyo bila kujua, kwa mageuzo madogo mno, na ubongo hupata jibu hata kama mikunjo ya sikio haisemi kitu. Ukiwa na hedifoni, unapogeuka chumba chote kinageuka nawe. Ubongo unauliza swali na hakuna kinachobadilika, na chanzo pekee cha sauti ambacho hakibadiliki ukigeuza kichwa ni kile kilichomo ndani ya kichwa chenyewe. Ndiyo maana mazungumzo yanakaa kwenye paji la uso.

Apple ilipoleta sauti ya pande zote kwenye hedifoni zake ndogo za AirPods Pro mwaka 2020, ikaweka vihisi vinavyofuata kichwa, sauti ya mhusika ikawa inabaki kwenye skrini hata ukitazama dirishani. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kulitatua jambo hili kwa mtazamaji wa nyumbani.

Mswahili wa Leicester:
Nahodha, hoja ya mwendo wa kichwa ni nzito, ila hawakuwa wa kwanza. Kampuni ya Smyth Research walikuwa na kichakataji chao cha hedifoni, Realiser A8, miaka mingi kabla ya hapo, kikiwa na kihisi cha kichwa, na mwaka 2016 wakaanza kuchangisha fedha za toleo jipya, A16, kupitia mtandao wa Kickstarter. Nilipata nafasi ya kukijaribu hapa Uingereza, na nitaeleza utaratibu wake kwa kuwa unagusa hoja zote mbili zilizotolewa juu.

Unaketi mbele ya spika halisi, katika chumba kilichopangwa vizuri. Unawekewa maikrofoni ndogo kwenye tundu la kila sikio. Kila spika, kwa zamu yake, inatoa mlio unaopanda kutoka besi nzito hadi sauti nyembamba, nawe umetazama mbele. Kisha unatazama spika ya kushoto na mlio unarudiwa, halafu ya kulia. Baada ya hapo unavaa hedifoni juu ya maikrofoni zilezile, nazo zinapimwa ili tabia yake iondolewe kwenye hesabu. Maikrofoni zikitolewa, kifaa kinakuwa na vipimo vya masikio yako, vya spika zile na vya chumba kile. Kilipowashwa nilivua hedifoni kuhakikisha kwamba spika zimezimwa. Zilikuwa zimezimwa. Mazungumzo yalikuwa mbele, mita mbili na zaidi kutoka nilipoketi, yametulia palepale kila nilipogeuka.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana nanyi wote wawili. Vipimo vile vilipochezwa nikiwa kwenye chumba kingine, kidogo, chenye mazulia na mapazia mazito, ile mbele ilisogea karibu sana na uso. Masikio yalikuwa yangu, kihisi cha kichwa kilikuwa kinafanya kazi, na bado. Kilichobadilika ni chumba. Ubongo ulikuwa unaona chumba kimoja na kusikia mwangwi wa kingine. Ndugu wa Ilala, kiboksi chako kinaiga mwangwi wa ukumbi mkubwa, nawe umeketi kwenye chumba cha kupanga. Kama kina chaguo la ukubwa wa chumba, chagua kidogo kabisa kabla hujabadilisha kitu kingine.

Msikilizaji wa Usiku:
Naomba kuuliza jambo linalokaribiana. Mimi hutazama sana filamu zilizotafsiriwa, za akina Lufufu na DJ Afro, na kichakataji changu kikiwashwa, sauti ya msimuliaji inajaa kichwa kizima huku filamu yenyewe ikikimbilia nyuma. Kwa nini?

FundiWaya Mwanza:
Kwa sababu faili hizo ni stirio tu. Msimuliaji ameongea juu ya sauti ya filamu iliyokwisha kuchanganywa. Kichakataji hapo hutumia njia kama Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000, ambayo husikiliza kitu gani kinafanana kushoto na kulia na kukipeleka kati, na kitu gani kinatofautiana na kukipeleka nyuma. Msimuliaji anafanana pande zote, basi anachukua kiti cha kati peke yake. Kwa filamu hizo zima saraundi kabisa. Sauti ya msimuliaji ndiyo kazi yenyewe, na inapendeza zaidi ikiwa karibu na sikio.

Mama Zawadi:
Nashukuru kwa uzi huu. Naleta suala la baba yangu, ambaye sikio lake la kushoto halisikii. Tulimnunulia kichakataji na hedifoni ili atazame taarifa ya habari na filamu bila kuipandisha TV hadi mtaa mzima usikie. Akalalamika kwamba watu wananong'ona. Nimesoma maelezo ya Binti Mvita nikaelewa kwamba mambo haya yote yanategemea kulinganisha masikio mawili, na kwake sauti zilizopelekwa kushoto zilikuwa zinapotea. Tukazima saraundi, tukaweka mono (chaneli zote zikichanganywa kuwa moja), zote zikaingia sikio la kulia, na sasa anafuata mazungumzo vizuri. Simu nyingi zina chaguo la mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Naomba wenye wazazi wa namna hii walitafute.

Na kwa wanaopandisha sauti usiku: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Filamu ina milipuko ya ghafla. Pangeni sauti kwa kuangalia mlipuko, kisha mazungumzo yafuate.

Mzee wa Sabufa:
Mama Zawadi, Mungu akubariki kwa kumtunza mzee. Nami niongeze: badala ya viboksi vipya, tafuteni resiva za mtumba za Yamaha. Zina kitu kinaitwa Silent Cinema. Ukichomeka hedifoni za kawaida kwenye tundu la mbele, yenyewe inazichakata chaneli zote. Hilo silipingi hata kidogo.

FundiWaya Mwanza:
Mzee, ushauri mzuri, lakini wanunuzi wasome kibandiko cha nyuma kwanza. Resiva zilizotumika Japani ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Ikichomekwa moja kwa moja hupati hata nafasi ya kuisikia. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Na msichukue hedifoni za Bluetooth za kawaida kwa kazi hii: nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na midomo inaachana na maneno.

Mwana wa Ilala:
Nimefuata ushauri wa Leicester. Ukubwa wa chumba nimeushusha hadi mwisho, na mazungumzo yametoka kwenye nyusi yakasogea mbele kidogo, kama urefu wa mkono. Ila nimegundua jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Nikikaa karibu na TV, uso wa mhusika ukijaa skrini, sauti inamfuata na kutoka mdomoni mwake. Nikifumba macho inarudi kichwani papo hapo. Nikikaa mbali, TV ya inchi 32 ikawa ndogo mbele yangu, inarudi pia. Inawezekana tatizo langu ni la macho?

Binti Mvita:
Macho yanasaidia, hilo linajulikana; ndiyo sababu ukumbini tunasikia sauti ikitoka mdomoni mwa mhusika aliye pembeni ya skrini wakati spika iko katikati. Lakini macho husahihisha kosa dogo tu. Hayawezi kuivuta sauti kutoka kisogoni. Mwenye kompyuta ya Windows ajaribu HeSuVi, programu ya bure inayofanya kazi juu ya Equalizer APO, nayo imekusanya tabia za vichakataji vingi pamoja. Chezeni sauti ya chaneli ya kati pekee, fumbeni macho, mbadilishe wasifu mmoja baada ya mwingine, kisha mseme sauti iko wapi.

Msikilizaji wa Usiku:
Nimelifanya jaribio hilo mimi na mke wangu, kiti kimoja, hedifoni zilezile. Wasifu ulionipa mimi sauti ya mbele, yeye aliusikia nyuma kabisa. Tulipopata uliomfaa yeye, kwangu sauti ilipanda juu ya kichwa. Upo mmoja ambao sote wawili tuliusikia mbele, nao ni ule wenye mwangwi mwingi zaidi, jambo ambalo siwezi kulipatanisha na maelezo ya Leicester.

Mswahili wa Leicester:
Chumba chenu kikoje? Sakafu ya vigae na kuta tupu ina mwangwi wake mwingi, na huenda wasifu huo unafanana nayo kuliko mingine.

Msikilizaji wa Usiku:
Sakafu ni ya vigae, lakini dirishani kuna pazia zito na kochi ni la kitambaa. Sioni kama ni chumba cha mwangwi.

Nahodha wa Tanga:
Na wote wawili mlikuwa mmetulia, bila kihisi cha kichwa, kwa hiyo jaribio hilo linatuonyesha masikio yanatofautiana, jambo ambalo sikulikana, na halijagusa mwendo. Mwenye AirPods Pro na iPhone au iPad afanye hivi: acheze filamu yenye 5.1, asikilize mazungumzo kihisi kikiwa kimewashwa, kisha akizime na kuacha sauti ya pande zote bila kufuata kichwa, macho yakiwa yamefumbwa muda wote. Ikiwa sauti itaingia kichwani kwa kukizima tu, masikio yakiwa ni yaleyale na chumba ni kilekile, tutakuwa na la kuzungumza.